MJADALA: Laki tatu za klabu ya chesi, tununue kitabu gani cha ufunguzi wa Kihispania?

Askari_wa_Ntinda: Wadau, klabu yetu ya vijana ya chesi imepewa laki tatu na mzazi mmoja, sharti lake ni vitabu tu, si saa wala ubao. Watoto wanaanza na e4, yaani askari wa mbele ya mfalme anaruka hatua mbili, na tumekubaliana wajifunze ufunguzi wa Kihispania, yaani Ruy Lopez, askofu b5. Sasa tumegawanyika, wengine wanataka lile buku la MCO lenye funguzi zote, wengine wanataka kitabu kimoja cha Kihispania tu chenye maelezo. Na kama ni kimoja, cha mwenye kete nyeupe au cha mwenye nyeusi? Mnaonaje.

Farasi_Jinja: MCO achana nayo. Toleo la 15 ni la 2008 na ndani ni majedwali matupu, mtoto atakariri hatua kumi na mbili halafu mpinzani akicheza kitu cha ajabu anabaki ameduwaa. Tafuta kinachoeleza kwa nini mweupe anaweka c3 kwanza ndio asukume d4, na kwa nini yule farasi wa b1 anazungushwa d2, f1, mpaka g3. Na anzeni na cha mweusi. Mweupe lazima ajue majibu yote ya mweusi, Berlin, Marshall, Breyer, Chigorin, mweusi anachagua moja anatulia. Ila tafadhali msiende kuwachapia watoto PDF za wizi pale Nasser Road kwa wachapaji, hiyo tabia ndiyo inatuua.

Mzee_wa_Katwe: Wizi?? Kijana pole pole. Mimi nimejifunza chesi kwa fotokopi ya fotokopi, kurasa nyingine huoni kama ni d5 au d6, na bado nilikuwa nafunga watu wenye makabati ya vitabu. Phiona Mutesi, yule bingwa wetu wa chesi, alitoka wapi? Kocha Katende alianza na watoto wa Katwe kwa ubao na uji, nani kati yao alikuwa na kitabu cha dola thelathini? Kabla hakijafika Kampala posta nayo ishakula. Usituite wezi.

Farasi_Jinja: Mzee sijakutaja jina, mbona umeshtuka. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 2006. Mwandishi amekaa miaka anachambua wewe unampa mtu wa mashine hela ya karatasi, mwandishi anakula nini.

Wakili_Mbale: Tuwekane sawa hapo. Kinacholindwa ni maelezo ya mwandishi, hatua zenyewe hazina mwenyewe. Hata New York 2016, ile mechi ya ubingwa wa dunia wa chesi ya Carlsen na Karjakin, waandaaji walikwenda mahakamani kuzuia tovuti nyingine zisirushe hatua moja kwa moja na jaji akawakatalia. Kwa hiyo kocha akiandika mistari kwenye daftari kwa mkono wake na kueleza kwa maneno yake hajaiba chochote.

Mzee_wa_Katwe: Umesikia Jinja?

Farasi_Jinja: Daftari sio PDF mzee. Soma tena.

Dada_Arua: Jamani mtu kauliza kitabu nyie mko mahakamani. Mimi nafundisha watoto na nasema wazi, mtoto ambaye bado anaacha farasi aliwe bure hatua ya tisa hahitaji Breyer wala shangazi yake Breyer. Mnunulie kitabu cha michezo mizima iliyoelezwa hatua kwa hatua. Na hiyo ya mweusi kuchagua moja akatulia si kweli, akijibu e5 bado kuna funguzi nyingine za mweupe, Kiitaliano, Skoti, gambiti ya mfalme, hivyo vyote kitabu chako cha Kihispania hakimsaidii. Kama lazima ufunguzi, wape mweupe ubadilishanaji wa Kihispania, askofu anakula farasi wa c6 hatua ya nne. Bobby Fischer wa Marekani aliutumia Havana 1966 akawapiga wakubwa. Mpango ni mmoja, badilisha kete, mwishoni una askari wanne kwa watatu upande wa mfalme na wa mweusi kule kwingine wamebebana kwenye mstari wa c.

Askari_wa_Ntinda: Dada kwa heshima, watoto wangu hawaachi farasi. Wiki iliyopita wamecheza na shule kubwa tu, ya ada ya mamilioni, wakarudi wamechekelea. Sipendi mtu wa mbali kuwapima watoto asiowaona.

Dada_Arua: Nani kawataja watoto wako? Hatua ya tisa, kumi, hata mimi nimeacha. Punguza joto.

Mpaka_Busia: Kihispania kilishakufa bure mnapoteza hela. Kasparov mwenyewe, bingwa wa dunia, alishindwa kuvunja Berlin London 98 akanyang'anywa taji. Wafundisheni d4.

Mzee_wa_Katwe: Ilikuwa 2000 si 98. Na Berlin haikumfunga mtu, ilimpa mpinzani wake Kramnik sare. Ile michezo miwili aliyoshinda alikuwa mweupe, d4. Kasparov hakushinda hata mmoja kati ya kumi na tano, hilo ni kweli.

Mpaka_Busia: Si umenisaidia hoja mzee?? Ashinde na d4, azuie na Berlin, Kihispania kimebaki na nini 😂

Mzee_wa_Katwe: Wewe mtoto wa mpakani utamfundisha mtoto wa miaka kumi Berlin? Malkia wote wanaliwa hatua ya nane, mfalme amekaa d8 hana pa kujificha, atalia. Na mweupe akitaka anacheza d3 tu, ukuta wako wote hauna kazi. Njoo Jumamosi na ubao wako tuone.

Mpaka_Busia: Nauli unatuma?

Wakili_Mbale: Lichess, tovuti ya chesi, ni bure kabisa, hamjasema.

Askari_wa_Ntinda: Bando nani analipa? Na umeme ukikatika kitabu hakizimiki. Jamani mzazi kaniandikia sasa hivi, anataka risiti yenye jina la duka. Nani anajua duka la vitabu hapa Kampala lenye vya chesi, achana na kile kimoja cha mwanzo kila mahali kipo.

Mpaka_Busia: Risiti nayo Nasser Road wanayo.

Farasi_Jinja: Mnaona sasa.

Dada_Arua: Agiza nje, pamoja na usafiri laki tatu ni viwili hivi kama una bahati. Na kabla hujalipa angalia ndani, vya zamani vimeandikwa P-K4 badala ya e4, watoto hawataweza hata kusogeza kete. Ubadilishanaji umeukataa au hujausoma?