Naomba ushauri: nimwelezeje mpwa wangu kuhusu mkopo wa mshahara?

Heshima kwenu, ndugu zangu. Mimi ni mstaafu wa utumishi wa umma hapa Morogoro, na mpwa wangu, aliyeajiriwa serikalini mwaka jana kama mwalimu, anataka kuchukua mkopo wa miaka saba ili anunue gari. Tayari anakatwa asilimia 5 ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na ingawa utaratibu unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, sote tunajua jinsi theluthi hiyo inavyomalizwa na kodi ya nyumba na nauli kabla mwezi haujafika katikati. Nilipomgusia habari ya kununua kiwanja badala ya gari alinijibu, kwa adabu zote, "Mjomba, zama zenu viwanja mlipewa karibu bure." Hakukosea sana, na ndiyo maana sitaki kumhubiria.

Naomba wenye uzoefu, hasa vijana mliokwisha kukopa, mniambie ni maneno gani ya mzee mngeyasikiliza. Je, nikae naye tupige hesabu ya riba kwa kalamu na karatasi, au nimwache aamue mwenyewe?