Kuuza picha za Amu kuchangia wavuvi wa Mecúfi: ukubwa gani, bei gani, na picha zipi?

Mwana_Langoni
Asalaam aleikum wana jukwaa. Kikundi chetu cha wapiga picha, watu tisa hapa Amu (Lamu, Kenya), kinapanga maonyesho ya siku tatu pale Ngomeni, ngome ya kale ya mji. Pesa ziende kwa kijiji kimoja cha wavuvi huko Mecúfi, kusini ya Pemba, Msumbiji. Kimbunga Chido kiliwapiga tarehe 15 Desemba 2024, na haja yao ni mbao za mashua na nyavu. Tuna picha kama 40: majahazi, milango, punda, wazee barazani. Nyingi ni za simu. Pia tumetumiwa picha za huko kwa WhatsApp: nyumba zimelala chini, mama analia na mtoto mgongoni. Wenzangu wengine wanasema hiyo ya mama ndiyo itakayowatoa watu pesa mfukoni. Tusafishe ngapi, ukubwa gani, tuuze bei gani, na hiyo ya mama tuitundike?

Fundi_Mkomani
Waaleikum salaam. Nianze na faili, maana wengi hupotea hapo. A3 ni sm 42 kwa 29.7. Simu ya megapikseli 12 hutoa pikseli 4000 kwa 3000, yaani kama nukta 240 kwa inchi kwenye A3. Inatosha, ila liwe faili asili. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida, upande mrefu hubaki kama pikseli 1600. Hiyo ni ya kadi ya posta, si ya ukutani. Tumianeni kama dokumenti au mzitoe kwa waya. Na zile zilizovutwa karibu kwa vidole wakati wa kupiga, ziacheni.

Pili, kanzu. Picha ya saa saba mchana, mtu amevaa kanzu mbele ya ukuta wa chokaa, kwenye skrini inapendeza. Kwenye karatasi, pale palipoungua kwa mwanga mwingi hapapati wino hata tone, unabaki na karatasi tupu yenye umbo la mtu. Vivuli vya chini ya makuti navyo huzama vyeusi, kwa sababu skrini ina mwanga wake na karatasi haina. Kwa hiyo toeni kwanza vipande vya majaribio vya sm 10 kwa 15, mvitazame mchana kivulini, ndipo mrekebishe. Studio ikiuliza, mpeni faili la sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida, isipokuwa wao wenyewe wataje jingine.

Fremu. Najua mtataka mbao za jahazi kuukuu, wageni wanazipenda. Ubao ule umekunywa chumvi miaka mingi. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na unyevu huo huishia kwenye karatasi kama madoa ya kahawia. Pakeni shelaki, aina ya vanishi, ndani ya mfereji wa fremu, pale picha na kioo vinapokaa, kisha mtandike ukanda wa karatasi ya alumini. Kati ya picha na kioo wekeni kadi ya mm 2 isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha. Picha ikigusa kioo, kwa joto letu hili itanata, na siku ya kuivuta rangi itabaki kwenye kioo. Msiigundishe pande nne: karatasi hutanuka na kusinyaa, ikibanwa huvimba katikati kama chapati. Ishikeni juu tu, vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga. Selotepu hapana kabisa.

Ngomeni msipige misumari. Kuta ni matumbawe na chokaa, na jengo liko chini ya Makumbusho ya Taifa, ombeni ruhusa mapema. Ning'inizeni kwa kamba kutoka juu, na nyuma ya pembe za chini mbandike vipande vya kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Hesabu_Kwanza
Fundi amesema kweli, ila fremu zitawala. Tuseme kusafisha A3 moja ni shilingi 1,500, fremu 3,000, mrija wa kadi wa kubebea picha iliyoviringishwa na usafiri 300. Ukiuza na fremu kwa 7,000, umebakiwa na 2,200. Ukiuza bila fremu kwa 5,000, umebakiwa na 3,200. Tena mgeni anayeondoka na ndege ndogo ya Manda hataki kioo, mrija anaubeba. Basi tundikeni 12 tu zenye fremu kama sampuli, ukubwa mmoja, bei moja, na msafishe nyingine mtu akishalipa. Picha 40 ukutani humchosha mnunuzi, anasifu zote kisha anaondoka mikono mitupu.

Bei moja na muda mfupi si jambo geni. Mwaka 2020 kampeni ya Prints for Wildlife iliuza picha za wapiga picha wengi kwa dola 100 kila moja kusaidia African Parks, shirika la kutunza hifadhi za wanyama, na ilipita dola 600,000. Nyinyi hamna jina hilo wala wateja hao, lakini mfumo ni uleule: mnunuzi habembelezani juu ya bei, na anajua dirisha linafungwa lini.

Msiandike "faida yote itakwenda Msumbiji". Faida ni neno la kuvutana. Andikeni chini ya kila picha: "Katika shilingi 5,000 hizi, 3,000 zinakwenda Mecúfi." Kila picha iwe na namba, mnunuzi akilipa kwa Till, yaani namba ya malipo ya M-Pesa, namba ya picha na ujumbe wa M-Pesa viingie daftarini palepale, na mwenye Till asiwe ndiye mwenye daftari. Mkitaka pia kopo la mchango mlangoni, hapo mmeingia kwenye makusanyo ya hadharani, ambayo yana sheria yake, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya. Ulizieni leseni kabla.

Kutuma: pelekeni mara moja kwa benki, si mara nne, kwa sababu benki za katikati hukata kila safari. Mwambieni karani kwamba gharama zote ni za mtumaji. Na jina la akaunti liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kule. Majina ya Kireno ni marefu. Ukiacha moja, pesa hurudi zikiwa zimepungua.

Bint_Shela
Kaka, ya mama msiitundike. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 uso wa mtu ni data yake, kuitumia kibiashara kunataka ridhaa yake, na ya mtoto hutolewa na mzazi au mlezi. Lakini hata sheria isingekuwepo: mnunuzi gani ataweka sebuleni kilio cha mtu? Ataguswa, atatoa mia mbili, ataondoka. Jahazi la Amu ndilo litakalonunuliwa.

Si kwamba picha za shida hazijawahi kuchangisha. Sebastião Salgado, mpiga picha wa Brazili, alipiga picha za njaa ya Sahel mwaka 1984 na 1985 akiwa na Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka), na picha zile zikasaidia shirika hilo. Ila yeye alikaa nao miezi. Nyinyi mmetumiwa faili na mtu aliyetumiwa na mtu.

Kutoka Mecúfi ombeni picha nyingine, wapige wenyewe: mashua iliyopasuka ubavu, mkono umeshika wavu uliochanika, karatasi ya bei ya mbao kutoka duka la huko. Hizo ziwe A4, karibu na meza ya malipo, haziuzwi.

Mwana_Langoni
Shukran dada. Aliyetuma anasema mama alikubali kwa mdomo.

Bint_Shela
Alikubali nini? Kupigwa, au kutundikwa Kenya mbele ya watu wasiomjua? Apelekewe picha ileile, aelezwe kwa Kimakua itawekwa wapi, kwa siku ngapi, na kwamba anaweza kukataa bila kukosa msaada. Jibu lirekodiwe kwa sauti. Akikubali, bado iwe ya meza ya malipo, na isiingie intanetini. Huko akibadili nia hamna njia ya kuirudisha.

Mwana_Langoni
Tumeitoa. Fundi, shelaki ikishapakwa tunafunga fremu siku hiyohiyo?

Fundi_Mkomani
La. Pakeni mara mbili, kila mpako ukauke, kisha fremu ziacheni wazi wiki nzima penye upepo. Nusa mfereji: ukisikia harufu bado, mvuke ule utafungiwa ndani na kutia ukungu kioo upande wa picha. Na mbao zikija na misumari ya chuma, ing'oeni yote, hata iliyokatikia ndani. Tumieni skrubu za shaba.