Kumsafirisha paka kwa barabara, Mombasa hadi Nairobi: gari la kukodi au basi la usiku?

Mwana_Kibokoni

Assalamu alaikum wenyeji. Tunahamia Nairobi mwisho wa mwezi na paka anakuja nasi. Ni dume, amehasiwa, miaka mitatu, kilo 4 na kidogo. Ni paka wa Mji wa Kale, hajui gari ila tuktuk ya kwenda kwa daktari, na humo hulia mwanzo mwisho huku mate yanamtoka. Chanjo ya kichaa cha mbwa amedungwa, kadi ipo.

Vyombo vinatangulia na lori. Sisi tuna njia mbili: gari dogo la kukodi na dereva wake, au basi la usiku ambalo halitatoboa mfuko. Lipi lamfaa paka? Tangu saa ngapi asile? Haja atafanyia wapi njia yote hiyo? Tena jirani ashauri nimpe nusu kidonge cha Piriton alale. Ni sawa?

Usukani_Miritini

Waalaikum salaam. Pesa ikiruhusu, kodi gari. Katika gari lako joto na mlango viko chini ya amri yako, na hayo mawili ndiyo yanayopoteza paka njiani. Kelele zake zivumilieni tu, hazimuui.

Safari ni takriban kilomita 480. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri, mtapita Changamwe na Mikindani kabla matrela hayajafunga njia, mizani ya Mariakani mtaiacha kungali na ubaridi, na Voi mtakuwa mmefika kabla jua halijakomaa. Kipande cha kuogopa ni Taru hadi Mtito Andei. Ni nyika tupu, na lori likilala barabarani mbele yenu mnaweza kukaa foleni saa nzima hamsogei. Kwa hivyo kabla ya kutoa arubuni, mwambie mwenye gari awashe kiyoyozi dakika 15 gari likiwa limesimama. Yako magari yanayotoa baridi yakienda tu. Yakisimama, feni ya mbele haizunguki na hewa inageuka vuguvugu. Ukilikuta la namna hiyo, tafuta jingine.

Kizimba kiwe cha plastiki ngumu, chenye mlango wa mbele na wa juu. Kikapu cha ukindu atakitoboa, na mkoba wa zipu ataisukuma zipu kwa pua mpaka ifunguke. Kwa paka wa kilo 4, urefu wa sentimita 48 hadi 50 na upana wa 30 na ushei vyatosha: asimame, ajigeuze, alale. Kikubwa zaidi ya hapo si kumhurumia, maana dereva akikanyaga breki paka anarushwa huko ndani. Vizimba hivi vina vipande viwili, cha chini na cha juu, vinavyoshikwa na vibanio vidogo, na vibanio hivyo hufyatuka ukikinyanyua kwa mpini wa juu. Tia kamba za plastiki za mafundi umeme pande zote nne, uzikaze, na mkasi uuweke karibu. Kukibeba, weka mkono chini ya kitako.

Ndani, tandika nepi ya mtoto iliyokunjuliwa, upande wa kunyonya uwe juu, kisha taulo. Kingo za taulo zikunjie chini ili asiifikie ile nepi akaitafuna. Juu ya taulo weka fulana uliyoivaa, usiifue. Nepi mbili na taulo moja za akiba ziwe karibu na mkono, zisiwe buti chini ya masufuria.

Kizimba chenyewe kikae sakafuni nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, kisha kiti kirudishwe nyuma mpaka kikibane. Usikipakate, wala usikiweke kiti cha mbele penye mfuko wa hewa. Ila kama gari lina injini chini ya viti vya mbele, mfano Hiace, pitisha kiganja sakafuni baada ya mwendo wa nusu saa; ikiwa pa moto, kihamishie kiti cha nyuma na ukifunge kwa mkanda. Funika pande tatu kwa leso moja nyepesi, upande wa mlango uwe wazi apate hewa. Blanketi usifunike.

Mkisimama, milango yote na vioo vyote vifungwe KABLA kizimba hakijafunguliwa, na mfunguaji awe mtu mmoja aliyeteuliwa tangu nyumbani. Watoto wasiguse. Hanesi (mikanda ya kifuani ya kufungia kamba) avae kabla ya kuingia kizimbani, na kamba umtie kabla hujamtoa. Paka akichoropoka Mtito Andei msahau: kushoto Tsavo Magharibi, kulia Tsavo Mashariki, kuna nyani, na matrela hayakatiki. Na msijaribu kumpitisha mbugani eti mwone ndovu. Wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Bi_Tononoka

Ndugu Usukani amelionea basi. Usiku Taru haina jua, barabara ina ubaridi, na paka gizani hunyamaza upesi kuliko mchana. Yataka tu mipango.

Nenda ofisini mwenyewe, Mwembe Tayari au popote kampuni ilipo, na kizimba mkononi. Usiulize kwa simu, kwa sababu anayepokea simu siye anayekaa mlangoni saa tatu usiku. Wakikubali, waombe waandike kwenye tikiti kwamba paka anasafiri ndani na abiria. Kondakta akija kusema "huyo aende chini na mizigo", umwoneshe. Buti la basi halina hewa, lina joto na moshi wa injini, na masanduku huporomoka kona za Mazeras. Wakikataa kumpandisha juu, dai nauli yako, usimkubalie kwa haya.

Kata viti viwili vya pamoja, chako na cha dirishani, theluthi ya mbele ya basi. Nyuma injini inaunguruma na kupasha sakafu moto. Tazama na spika za darini ziko wapi, usikae chini yake. Pima nafasi ya miguuni kabla ya kununua kizimba: vingi vya kimo cha sentimita 30 na zaidi havipiti chini ya kiti, ndiyo maana ya kiti cha pili. Na humo ndani hakifunguliwi hata mara moja, mpaka Nairobi. Paka mzima huweza kujizuia usiku kucha, na akishindwa nepi ipo.

Usukani_Miritini

Sibishani sana, Bi. Swali langu ni moja: basi likiharibika Manyani saa nane usiku na abiria wakashushwa, huyo paka atakaa wapi?

Bi_Tononoka

Atakaa kizimbani, na kizimba kwenye mapaja yangu. Kwani gari dogo haliharibiki?

Tabibu_Tudor

Mimi niko upande wa wanyama, nijibu ya dawa na chakula.

Piriton iache. Paka wengine huipokea kinyume, badala ya kusinzia hupata wazimu, na haiondoi hofu. La kuogopa zaidi ni vidonge vya mafua vilivyochanganywa: vingi vina paracetamol, na kidonge kimoja cha paracetamol chaweza kumwua paka. Ini lake haliwezi kuivunja sumu yake. Wala usikubali sindano ya "kulaza" ya acepromazine kwa safari ya joto. Mwili unalegea na uwezo wa kujirekebisha joto unashuka, lakini woga uko palepale.

Tunachokitumia sana kwa paka mwoga ni gabapentin. Paka wa kilo 4 asiye na maradhi ya figo, daktari mara nyingi huandika miligramu 50 hadi 100, apewe saa 2 hadi 3 kabla ya safari. Kapsuli hufunguliwa, unga ukachanganywa na kijiko cha samaki, maana ni mchungu. Umpime kwanza nyumbani, si siku ya safari. Wiki moja kabla mpe kipimo hichohicho na umwangalie: atayumba akitembea, atalala, hilo ni la kawaida na huisha ndani ya nusu siku. Akipitiliza, daktari atapunguza. Mate unayoyaona kwenye tuktuk huenda ni kichefuchefu, na kwa hilo kuna maropitant. Mtajie daktari wako ulivyomwona. Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Muuza duka la dawa za mifugo si daktari.

Hapo dukani pana hatari nyingine. Watu hupenda kumpaka mnyama dawa ya viroboto kabla ya kuhama. Ya mbwa yenye permethrin humtia paka mtetemeko na degedege, na amitraz ya kuogeshea ng'ombe nayo si ya paka hata ukiizimua namna gani. Nunua iliyoandikwa paka na uzito wake.

Chakula cha mwisho kiwe saa 4 hadi 6 kabla ya kuondoka. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri, bakuli liondoke saa tano usiku, kisha saa nane unusu apate kile kijiko chenye dawa, basi. Maji asinyimwe. Ndani ya kizimba bakuli litamwagika, kwa hivyo mpe kila baada ya saa 2 au 3 mkisimama. Asipokunywa, usimlazimishe kwa sindano, atapaliwa. Mlowanishie chakula siku iliyotangulia. Haja: beba beseni dogo na mchanga wake wa nyumbani, kina cha sentimita 3, mjaribishe Mtito Andei gari likiwa limefungwa. Pengine hatataka.

Joto ndilo la kulikodolea macho. Mbwa kuhema mdomo wazi ni desturi yake, paka si desturi yake. Paka akihema ulimi nje, ufizi ukawa mwekundu sana, akalegea, huo si woga tena. Halijoto yake ya kawaida ni 38 hadi 39.2, ikifika 40 yuko hatarini. Mloweshe tumbo, nyayo na masikio kwa maji ya kawaida ya chupa, mwelekezeeni kiyoyozi, na mwende kwa daktari. Barafu hapana, hukaza mishipa ya ngozi na joto likabaki ndani. Namba za madaktari wa Voi na Emali ziwe kwenye simu kabla hamjatoka. Na asiachwe garini hata "nakunywa chai tu". Jua la saa tano, dakika 10 zatosha kupandisha gari digrii 10, na kioo kilichoachwa wazi kidogo hakisaidii kitu.

Kadi ya chanjo ibebe. Kama dozi hii ndiyo ya kwanza, iwe imetimiza siku 30. Hiyo ni kwa Nairobi. Wanaovuka Lunga Lunga kwenda Tanga wana vibali vingine vya daktari wa serikali.

Mwana_Kibokoni

Shukran sana nyote, Mungu awalipe. Tumeamua gari. Yamebaki mawili. Wiki mbili na nusu ndizo tulizo nazo, na akiona kizimba tu huingia uvunguni. Na kule tunahamia ghorofa ya tatu, South B. Namfungulia lini?

Nyau_wa_Bamburi

Tatizo ni kwamba kizimba hukiona siku ya sindano tu. Leo kifungue, ondoa kipande cha juu na mlango, kile cha chini kiweke pale anapopenda kulala. Dagaa wake wote awalie humo. Baada ya siku nne au tano rudisha kifuniko, mlango bado. Akizoea kuingia, tia mlango, ufunge muda wa kumeza dagaa mmoja, fungua. Ongeza hadi dakika 10. Kisha mnyanyue, mtembeze sebuleni, mshushe, mlishe. Wiki ya mwisho mchukue na tuktuk hadi ufukweni Mama Ngina na kurudi, ukifika nyumbani ndipo apate samaki. Akigoma hatua moja rudi iliyotangulia, usimsukume.

Siku yenyewe usimwingize kwa kichwa, atapanua miguu minne kwenye mlango na hutamweza. Simamisha kizimba wima mlango ukiangalia juu, mfunge paka kwa taulo, umteremshe kwa matako kwanza. Na usiku wa kuamkia safari alale chumba kilichofungwa. Mji wa Kale paka akipanda dari saa tisa usiku, dereva atawasubiri mpaka jua lichomoze.

Mkifika, apewe chumba kimoja tu siku 3 hadi 5: maji, chakula mbali na beseni la mchanga, kizimba wazi, na lile leso la safarini, msilifue. Changanya mchanga mpya na vikombe viwili vya ule wa zamani alioutumia, harufu itamwonesha pa kwenda. Atajificha, mwacheni. Dirisha la ghorofa ya tatu litiwe wavu wa chuma, kwa sababu wavu wa mbu ataupasua kwa kucha. Pima na vyuma vya roshani: pengo analopitisha kichwa, na mwili unapita. Nje asitoke wiki 3 au 4. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, na paka wa pwani Julai atatetemeka. Boksi la katoni lenye blanketi, mlango mdogo, mbali na sakafu ya saruji.

Mambo mawili hayangojewi. Asipokula kabisa saa 24 hadi 48, nenda kwa daktari, kwani ini la paka huharibika kwa njaa ya siku chache. Na kwa kuwa ni dume: akiingia mchangani mara kwa mara, akakakamaa na kulia, mkojo hautoki au ni matone, mkojo umeziba. Msiba huo huletwa na mfadhaiko kama wa kuhama, na ni dharura ya saa hiyohiyo, usiku huohuo.

Kola iwe ile inayofyatuka akinaswa, na namba iliyoandikwa humo iwe ya simu ya mtu ambaye siku hiyo haendeshi.