Paka wa ndani anajilamba mpaka manyoya yanaisha na haishi kuumwa, tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Nina paka jike wa miaka 6, nje hatoki kabisa, na karibu mwaka mzima ananinyima usingizi. Tumboni na ndani ya mapaja ilibaki ngozi tupu, nikizima taa nasikia ulimi tu kwaru kwaru kwaru. Anachomwa sindano, anatulia wiki mbili, anarudi palepale. Mimi nikajua ni tabia, nikawa namfokea aache, na hilo linaniuma mpaka leo maana alipokuja kupimwa mkojo ukakutwa na damu, kibofu kimevimba na bakteria hakuna, kumbe maskini alikuwa analamba panapomuuma.

Nimempa dawa ya maumivu aliyoandikiwa, chakula kikavu nikapunguza nikaweka cha majimaji, maji nimetega sehemu tatu, choo cha mchanga nimeongeza cha pili na kile cha kwanza nikakitoa karibu na mashine ya kufulia maana ilikuwa inamshtua. Halafu nikaanza kuandika kila akianza kujilamba, ndio nikaona wageni wakija au nikihamisha fanicha lazima aanze. Manyoya yanaota ila haijaisha kabisa. Nyie mlifanyaje?

—

Pole sana dada. Wangu ilikuwa viroboto na nilibisha kweli, paka hajakanyaga nje viroboto atoe wapi? Daktari akampitisha kitana cha meno madogo, ule uchafu mweusi akaudondoshea kwenye tishu yenye maji, ukachuja wekundu wa kahawia. Damu hiyo, kile ni kinyesi cha viroboto. Kama ana aleji nao wachache tu wanatosha, na anavyojilamba anawameza ndio maana huwaoni. Kumbe sisi ndio tunawaleta kwenye nguo, na mbwa pia. Tibu wanyama wote wa nyumbani miezi kadhaa mfululizo, maana wengine bado wako kwenye zulia hawajatoka kwenye vifuko vyao. Ila dawa ya mbwa yenye permethrini usimpake paka, inaua.

—

Kwangu ilikuwa aleji ya chakula. Wiki 8 anakula nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, basi, hakuna kingine. Nilianza upya mara mbili kwa sababu mtoto alikuwa anamdondoshea vipande chini ya meza.

—

Naomba wenye madume wasome hapa. Wangu alikuwa anajilamba sehemu za siri, anaingia chooni anatoka, anachuchumaa analia, nikajua kafunga choo nikasema nitampeleka asubuhi. Mkojo ulikuwa umeziba. Alipona kwa neema tu. Dume akichuchumaa na mkojo hautoki, nenda saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.

—

Nimerudi, asanteni mno. Kitana nimempitisha jioni hii mgongoni mpaka kwenye shina la mkia, tishu imebaki nyeupe. Kesho nampigia daktari nimuulize hiyo ya chakula.