Tupeane uzoefu: wanawake wenye sukari na mkojo usiongoja

KaramaYaBububu
Assalaamu alaykum wenzangu. Jana kwenye maulidi huko Fuoni nilikaa jirani na mama mmoja mtu mzima, nadhifu, buibui lake linanukia udi. Kila kasida ikimalizika yeye anainuka. Akirudi anatafuta nafasi karibu na mlango, anakunja kanga mara nne, anaikalia. Sikuhitaji kuambiwa ana nini, maana mama yangu alikuwa hivyo hivyo, na nyumbani sote tukisema ni uzee na uzazi wa watoto wengi. Alipopelekwa kwa kidonda cha mguu kisichopona ndipo akapimwa sukari, na daktari akamuuliza, "Na mkojo je, bibi?" Akainamisha kichwa. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza.

Naomba tusimulie, humu hakuna anayemjua mwenziwe. Wenye sukari, wenye presha, wenye mwili mkubwa: kibofu chenu kikoje, na nini kimekusaidieni?

MpembaWaGando
Umenigusa. Mie ni kucheka na kupiga chafya. Harusini siku zote nakaa nyuma, ukutani.

ZabibuKavu
Na mie. Nikisikia bomba la maji tu, basi.

BintiMtambwe
Mie ni muuguzi, kwa hiyo nitaeleza ninavyowaeleza kinamama kliniki. Figo zina tabia ya kuirudisha sukari kwenye damu. Ikizidi kiasi, takriban 10 kwenye zile mashine za kidole, zinashindwa, sukari inamwagikia kwenye mkojo, na haitoki peke yake, inavuta maji. Ndiyo maana mtu ana kiu, anakunywa, anakwenda, anakunywa tena. Hapo kibofu chenyewe hakina kosa.

Baadaye sasa ndipo kinapoharibika. Sukari ya muda mrefu inakula mishipa ya fahamu, ile ile inayotia ganzi miguuni. Kibofu kinaanza ama kushtuka ovyo, ama kulala kabisa kisijue kuwa kimejaa. Tena mkojo wenye sukari ni karamu ya fangasi na vijidudu, ndiyo UTI zisizokwisha. Na tumbo likiwa kubwa linakikandamiza kibofu mchana kutwa, nyama za chini zinachoka, ukikohoa tone limetoka. Mwanamke mmoja anaweza kuwa nayo yote hayo kwa pamoja.

AsuminiMbichi
Bi muuguzi, hiyo ya UTI naiunga mkono. Nimemeza vidonge vya UTI kutoka duka hili na lile, mwaka mzima, hakuna aliyenipima sukari. Nilikuja kujua kwenye zoezi la bure la kupima pale Darajani, nimesimama tu kwenye foleni kumsindikiza shoga yangu.

NyotaYaMkoani
Nyie mnalia mkojo unatoka. Mie haukutoka.

Nina sukari tangu mtoto wangu wa mwisho yuko chuoni anasoma alifu. Vidonge nikimeza vikiwepo. Ikafika wakati ndara inanivuka njiani sijui, mpaka watoto wananiita, "Mama, kiatu!" Sikulitia maanani. Halafu ile haja ndogo nikawa siisikii. Naingia chooni kwa mazoea tu, vinatoka vitone, nikiinuka ninajirowesha. Tumbo chini ya kitovu likaanza kuvimba. Mama mkwe akasema nina mimba, na hedhi nimeshaiaga. Jirani akasema nimekaliwa na shetani. Akaletwa mtu, akaandika kombe, yaani aya za Qur-ani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikasuuzwa kwa marashi, nikapewa chupa nzima ninywe asubuhi na jioni. Akaniambia niache vidonge vya spitali kwa sababu vinapigana na dawa yake.

Nikanywa. Maji yanaingia, hayatoki. Miguu ikavimba, natapika. Mume wangu akasema hapana, tunavuka Unguja. Siku ile bahari ilikuwa imechafuka, boti inapanda na kushuka, na kila ikishuka nahisi tumbo linapasuka. Nilikuwa nimemshika mkono dada mmoja simjui, nikamwachia alama za kucha. Yeye ananisomea Ayatul Kursiyyu, mie nalia. Bandarini Malindi, Unguja, nilishushwa kwa kubebwa.

Spitali wakaniwekea mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa, wakaumwaga, ukajaa tena. Tumbo likanywea naliona kwa macho yangu. Daktari kijana, sauti ya upole, akaniambia kibofu changu kimekufa ganzi kama miguu yangu, na mkojo ulishaanza kurudi kwenye figo. Kibofu cha mtu kwa kawaida hubeba kama nusu lita. Changu kilibeba zaidi ya mara tatu ya hapo.

Hivi sasa nakwenda chooni kwa saa, si kwa kuhisi. Kila baada ya saa tatu au nne, nisikie nisisikie. Nakaa, namaliza, nasimama kidogo, nakaa tena, na ile mara ya pili hutoka mwengine mwingi tu. Na sukari siichezei tena.

ZabibuKavu
Subhanallah. Nimesoma huku nimeshika tumbo langu.

MpembaWaGando
Pole sana dada. Na mama mkwe alisema nini alipoona mfuko?

NyotaYaMkoani
Alilia. Ndiye anayenikumbusha vidonge leo.

Mtumwa_wa_Mola
Lakini tusitukane kombe. Ni Qur-ani. Watu wangapi wamepona?

AsuminiMbichi
Nani katukana? Mtu kaambiwa aache dawa nusura afe, wewe unatetea sahani!

Mtumwa_wa_Mola
Chunga ulimi wako. Sitetei sahani.

AsuminiMbichi
Basi mtetee mgonjwa.

NyotaYaMkoani
Msigombane juu ya maradhi yangu. Kombe ni maneno ya Mungu, sina neno nalo, hata leo nikiletewa nitakunywa. Aliyeniambia niache vidonge ndiye ninayemdai mbele ya Allah.

KaramaYaBububu
Turudi kwenye mada jamani. Walionenepa na waliopungua, semeni.

BabuWaKiponda
Mnisamehe kuingia, ni mwanamme, lakini mke wangu anayo. Dawa ni kupunguza maji tu. Asinywe, hatokwenda.

BintiMtambwe
Hapana babu yangu, heshima yako. Mwenye sukari iliyopanda akinyimwa maji anakauka, na mkojo ukiwa mzito unakichoma kibofu kinazidi kushtuka. Anywe mchana kama kawaida, apunguze kuanzia Magharibi. La kupunguza ni chai ya rangi na kahawa, hizo zinakichokoza kibofu, na ile sukari ya vijiko vinne ndiyo usiseme. Kama ana vidonge vya presha vya kukojoza, amuulize daktari kama anaweza kuvimeza asubuhi badala ya usiku.

BabuWaKiponda
Kahawa ya barazani nayo?

ZabibuKavu
Hiyo ni yako babu, yeye aache ya kwake!

MkaaShambaDonge
Mie nimepungua na naona tofauti. Sikufanya miujiza. Wali wa nazi nimeuhamishia mchana tu, sahani ndogo. Usiku samaki na mchicha. Kaimati na tambi za sukari wakati wa futari naonja, sijazi sahani. Na kila alasiri natembea hadi nguo zirowe. Nguo zimenipwaya, na pedi ya kutokea sasa naisahau nyumbani.

BintiMtambwe
Si bahati yako peke yako. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2009, wanawake 338 wenye uzito uliozidi na mkojo unaowaponyoka. Waliosaidiwa kula na kufanya mazoezi walipungua kama asilimia 8 ya uzito kwa miezi 6, na kuponyoka kwa mkojo kukashuka kwa asilimia 47. Wale waliopewa mafunzo tu ilishuka kwa asilimia 28. Mtu wa kilo 90, asilimia 8 ni kilo saba na kidogo. Hakuna anayekutaka uwe msichana.

TumuVitongoji
Mie mwembamba na navuja pia. Msitusahau.

BintiMtambwe
Hatukusahau dada. Uzazi mgumu nao unalegeza. Ila kama mkojo unatiririka usiku na mchana bila kukatika tangu ujifungue, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, inashonwa, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanatibu bure. Kama ni kikohozi na chafya, fanya zoezi la kubana: bana kule chini kama mtu anayezuia upepo, hesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Lipe zoezi miezi mitatu. Usifanye huku unakojoa.

MpembaWaGando
Nalifanya sasa hivi nikiandika.

AsuminiMbichi
Kuna vidonge vipya vya sukari nilipewa, kila siku fangasi. Ni mie tu?

BintiMtambwe
Vipo vinavyoitoa sukari kwa njia ya mkojo, na fangasi ni katika madhara yake yanayojulikana. Rudi ukamwambie aliyekuandikia, usiache kimya kimya.

UmmuSalama
Mimi linaloniuma ni sala. Natawadha, nikirukuu nahisi tone. Nimeacha kwenda tarawehe msikitini.

Mtumwa_wa_Mola
Dada yangu, hili lina nafasi katika dini, usijitese. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mkojo ukiwa haukatiki wewe una udhuru: wakati wa sala ukishaingia unajisafisha, unajifunga kitambaa au pedi, unatawadha, unasali mara moja bila kuchelewa. Kinachotoka baada ya hapo hakikuvunjii. Kila faradhi na udhu wake. Mtafute shekhe wa mtaani kwako akueleze vizuri kwa hali yako.

AsuminiMbichi
Hapa nimekuelewa, na Mungu akulipe.

UmmuSalama
Nimelia. Tangu mwaka juzi sijui hili.

ZabibuKavu
Mimi nishaamua, Jumatatu nampeleka mama na mimi nipime. Sukari ya asubuhi, chai anywe?

BintiMtambwe
Asinywe. Asile chochote kwa muda wa saa nane kabla ya kupimwa, maji matupu ruhusa. Ikisoma 7 au zaidi, na ikirudiwa siku nyengine ikawa vile vile, ni kisukari. Na mwambie daktari habari ya mkojo wewe mwenyewe kama mama anaona haya, maana wengi wetu hatuulizi.

ZabibuKavu
Nitamwambia. Wapi Wete wanapima asubuhi mapema?