Nimshuhudieje jirani yangu wa meza pale Mwanjelwa?

MamaViaziUyole: Bwana Yesu asifiwe. Nauza viazi soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Jirani yangu anauza mchele wa Kyela, tunaachiana meza na kukopeshana chenji, lakini nikitaja wokovu tu anashika ungo wake na kuanza kupepeta mchele ambao ni safi kabisa! Kanisani tumeambiwa kila mmoja alete mtu kwenye mkutano wa injili. Mwenzangu wa kwaya anasema nimbane. Mnasemaje?

Mzee_wa_Rungwe: Mwanangu, usimbane. Wamisionari wa Moravian walifika huku Rungwe mwaka 1891, na iliwabidi kwanza wakae chini wajifunze Kinyakyusa. Wewe lugha yake unaijua tayari, ila je, habari zake unazijua? Huenda aliumizwa na watu wa kanisani. Muulize mambo ya nyumbani kwake, halafu nyamaza usikilize.

KijanaIringa: Mzee, shikamoo. Lakini Mathayo 28:19 inasema "enendeni", haikusema nyamazeni. Akifa kesho?

Mzee_wa_Rungwe: Marahaba. Soma na 1 Petro 3:15, tuwe tayari kumjibu anayetuuliza, kwa upole. Filipo naye alimwambia Nathanaeli "Njoo uone", basi. Hakumvuta shati.

MamaViaziUyole: Asante baba. Kumbe ana mgonjwa Kyela, nimeambiwa leo. Kesho nitamuuzia mchele wake aende akamwone. Yule wa kwaya atanisamehe, mkutanoni nitakwenda mwenyewe.