Mrejesho: Begonia yenye alama ya msalaba

Ndugu zangu, nawashukuru sana mlionijibu nilipouliza jina la begonia yangu, ule mmea wa mapambo ambao shina lake nene hutambaa juu ya udongo, na sababu ya kuoza kwake. Mlisema ni Begonia masoniana, ya kusini mwa China na kaskazini mwa Vietnam, na majani yake yenye vipele na alama ya kahawia iliyokoza katikati yamethibitisha hivyo. Nimeihamishia kwenye chungu kipana kisicho na kina, chenye mboji na changarawe, nikaliacha shina bila kulifukia, nami humwagilia udongo ukikauka juu, pasipo kulowesha majani. Kuoza kumekoma na machipukizi yametokeza. Vipande vya jani nilivyopanda ili nipate miche mipya, hata hivyo, vingi vimeoza. Vilivyoota ni vile vyenye mishipa mikubwa, nilivyovifunika kwa nailoni kivulini.